Mboga za Friza: Eafraya, Kikaango, Oveni au Mvuke?

Mboga ya pakiti inayotoka kwenye friza kwa kawaida imeshapikwa nusu. Kiwandani huchovywa kwenye maji yanayochemka au hupitishwa kwenye mvuke kwa dakika chache ili kuzima vimeng'enya, ambavyo vingeendelea kuharibu rangi na ladha yake hata ikiwa kwenye baridi. Baada ya hapo ndipo hugandishwa. Maji yaliyo ndani yake yakigeuka barafu hutanuka, na chembe za barafu hiyo hutoboa kuta za seli. Mboga ikiyeyuka, maji yale hayana tena cha kuyashika, hutiririka. Kwa sababu hiyo brokoli ya friza haitakuwa kamwe sawa na brokoli ya sokoni, na kwa sababu hiyo hiyo chombo unachokichagua kina uzito mkubwa. Eafraya na oveni huyafukuza maji kwa hewa kavu ya moto. Kikaango huyakausha juu ya chuma. Sufuria ya mvuke na maikrowevu huyaacha mbogani. Ukishajua kama unataka mboga kavu yenye kingo za kahawia au mboga laini ya kuchanganya na mchuzi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Eafraya

Eafraya ni oveni ndogo yenye feni kali. Philips walipoiingiza sokoni mwaka 2010 waliinadi kwa chipsi zisizohitaji mafuta mengi, na tangu hapo watu wameizoea kama mashine ya kukaangia. Kwa mboga za friza faida yake kubwa ni kasi ya hewa: unyevu ukitoka tu juu ya mboga, feni inaupeperusha.

Lakini kasi hiyo ina kikomo, na hesabu yake inafaa kuijua. Chukua gramu 400 za brokoli zilizo nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuyeyusha barafu na kuzipasha hadi karibu nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 300. Ukitaka zikauke kiasi cha kubadilika rangi, itabidi gramu 100 hivi za maji zigeuke mvuke, na hizo zinakula kilojuli 226 nyingine. Mashine ya wati 1500 hutoa kilojuli 90 kwa dakika. Kama hakuna joto linalopotea, kazi yote ingeisha kwa dakika sita. Kwa kuwa joto jingi hutoka na hewa na jingine hubaki kwenye mwili wa mashine, hesabu halisi ni dakika 12. Ukiweka gramu 800, muda unaongezeka maradufu au zaidi, na katika muda huo wote zile za chini zinakaa kwenye mvuke wa zile za juu. Zinatoka zimelegea, nusu zimeungua ncha. Kasoro nyingi zinazolaumiwa mashine zinaanzia hapa: kikapu kimejazwa kupita kiasi.

Kikapu cha lita 4 kinachukua vizuri gramu 300 hadi 400. Cha lita 6, gramu 500 au 600. Mboga zikae safu moja, au moja na nusu, na uweze kuona matundu ya kikapu hapa na pale.

Utaratibu unaofaa ni huu. Washa mashine ikiwa tupu kwa nyuzi 200, dakika tatu hadi tano. Usiyeyushe mboga kwanza. Zikiyeyuka kwenye bakuli zinaingia kwenye joto zikiwa tayari zimelowa na kulegea. Zitikise kwenye chujio ili theluji ya pakiti ianguke, kisha zimwage kikapuni bila mafuta. Baada ya dakika tano vuta kikapu, mwaga maji yaliyojikusanya chini, na sasa ndipo uweke mafuta: kijiko kimoja cha chakula kwa gramu 400, pamoja na bizari au pilipili manga. Mafuta yakiwekwa juu ya barafu huteleza na kuishia chini, hayashiki. Rudisha kikapu, pika dakika sita hadi nane nyingine, ukitikisa mara moja katikati. Chumvi ni ya mwisho kabisa, mboga ikiwa imeshatoka, maana chumvi huvuta maji na wewe umetumia dakika zote hizo kuyaondoa. Kitunguu saumu kibichi kisizidi dakika mbili za mwisho. Kikikaa zaidi huungua na kuwa kichungu.

Karatasi za kutandika kwenye kikapu usizitumie kwa mboga. Zinaziba matundu, maji yanabaki juu yake, na unapata mboga ya kuchemsha katika mashine ya kukausha. Mafuta ya kopo la kupulizia nayo si mazuri kwa kikapu kisichonata: mengi yana lesithini, ambayo huganda kama gundi na haitoki kwa sabuni. Changanya mafuta kwa mkono ndani ya bakuli au tumia brashi.

Oveni

Tofauti kati ya oveni na eafraya ni nafasi na muda. Trei ya sentimita 30 kwa 40 inachukua nusu kilo ikiwa imetandazwa, na oveni inaingiza trei mbili. Kwa familia ya watu sita, au siku ya wageni, kilo moja inatoka kwa mkupuo mmoja ilhali eafraya ya lita 4 ingehitaji zamu tatu na mboga za zamu ya kwanza zingekuwa zimepoa na kulegea tena. Kuanzia gramu 700 kwenda juu tungechagua oveni bila kusita.

Siri yake ni trei ya moto. Washa oveni nyuzi 220 ikiwa na trei tupu ndani, subiri dakika 15, kisha mwaga mboga za barafu moja kwa moja juu ya chuma hicho. Mlio mkali utakaousikia ni maji yanayotoka mara moja badala ya kuweka dimbwi. Pika dakika 20 hadi 25, geuza mara moja, na kama oveni ina feni iwashe.

Oveni ya gesi ina tabia yake. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, hivyo hewa ndani ni yenye unyevu kuliko ya oveni ya umeme. Fungua mlango sekunde kumi katikati ya mapishi ili mvuke utoke, na uiweke trei ngazi ya chini, karibu na moto.

Kikaango

Kikaango kinadharauliwa tangu eafraya zianze kujaa madukani, na hilo si haki. Kwa mtu mmoja au wawili, mwenye jiko la gesi na umeme usiotabirika, kikaango cha chuma cha sentimita 28 kinafanya karibu kila kitu, tena kwa dakika nane.

Kosa linalojirudia ni kutanguliza mafuta. Barafu ikigusa mafuta ya moto hulipuka na kurukia mikono na macho; hiyo ni hatari ya kweli. Pasha kikaango kikavu kwa dakika tatu, tia gramu 250 hadi 300 za mboga bila kitu kingine, moto mkali, bila mfuniko. Acha zitulie. Ukikoroga kila sekunde, chuma hakipati muda wa kupata joto tena. Baada ya dakika tatu au nne mvuke utapungua na sauti itabadilika, kutoka kutokota hadi kuchachatika. Hapo zisogeze pembeni, weka kijiko cha mafuta, kitunguu na kitunguu saumu, vikianza kunukia changanya vyote na upike dakika tatu zaidi.

Njia hii isitumike na kikaango kisichonata. Mipako yake haipaswi kupashwa ikiwa tupu kwa moto mkali. Ikipita nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvuta.

Kikaango kinaizidi eafraya kwa vitu vidogo: njegere, karoti za vipande, mahindi matamu. Hivyo kwenye eafraya hukauka ngozi kabla ya ndani kupata ladha, na vingine hupenya matundu ya kikapu.

Mvuke, maikrowevu na mchuzi wenyewe

Mvuke ni dakika nne hadi sita kwa brokoli na koliflawa, mbili hadi tatu kwa njegere. Maikrowevu ya wati 800 inaivisha gramu 300 kwa dakika nne au tano, ndani ya bakuli lililofunikwa lenye vijiko viwili vya maji, ukikoroga katikati. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo njia hizi mbili huihifadhi kuliko kuchemsha kwenye sufuria iliyojaa maji na kuyamwaga. Kwa chakula cha mtoto mdogo au mgonjwa, ni hizi.

Na kama mboga inaenda kwenye mchuzi, usiipitishe kwingine. Njegere za nazi hazihitaji eafraya. Tia njegere za barafu kwenye rojo la nyanya na kitunguu likiwa zito kuliko unavyolitaka, maana zitatoa maji; baada ya dakika tatu au nne ndipo umimine tui zito. Ukitanguliza tui kisha mboga, mchuzi unakuwa mwepesi na utalazimika kuuchemsha sana hadi tui likatike.

Mboga ipi wapi

Brokoli: eafraya, nyuzi 200, dakika 10 hadi 12. Vichwa vyake vidogo huungua haraka, kwa hiyo itazame kuanzia dakika ya tisa. Koliflawa inavumilia zaidi, dakika 12 hadi 15, na ndiyo inayofaidika kuliko zote na hewa kavu. Ikipakwa bizari ya manjano, jira na ndimu inakuwa kitoweo kamili cha kula na chapati. Mishiri, yaani maharage machanga, dakika 10 hadi 12, ikianza kukunjamana ngozi iko tayari. Kabichi ndogo za Brussels, ambazo walio Ulaya wanazijua vizuri, zinahitaji dakika 15 hadi 18. Zikate katikati baada ya dakika tano zikishalainika kidogo, vinginevyo ndani hubaki na majimaji machungu.

Bamia inastahili maneno zaidi. Mlenda wake unaenea palipo na maji, na eafraya haina maji. Bamia zilizokatwa vipande, nyuzi 200, dakika 12 hadi 15, mafuta kijiko kimoja, bila chumvi hadi mwisho, zinatoka kavu na krispi, na hata asiyependa mlenda anazila. Zile ndogo nzima zinazouzwa zimegandishwa kila duka la Oman na Ghuba ni za mchuzi. Sufuria ndiyo mahali pake, pamoja na kitu chachu kama ukwaju au nyanya ili kupunguza mlenda.

Mchanganyiko wa karoti, njegere, mahindi na mishiri una vitu vinne vyenye muda tofauti. Eafraya itaunguza njegere karoti ikiwa bado. Kikaango, au uingie moja kwa moja kwenye wali wa kukaanga.

Spinachi na mchicha wa tofali ni marufuku kwenye eafraya. Tofali likiyeyuka linaacha dimbwi, na majani yanayokauka juu yake hupeperushwa na feni hadi kwenye koili na kuungua. Kisamvu cha friza kinachouzwa maduka ya Kiafrika huko Ulaya na Marekani, kile ambacho Wakongo wanakiita sombe au pondu, kisipikwe kwa njia yoyote ya mkato. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, na kutwanga peke yake hakutoshi: chemsha bila kufunika, kwa muda mrefu, kama kinavyopikwa siku zote. Mihogo ya friza iliyomenywa nayo huwa mibichi. Ichemshe hadi ilainike, ichuje, iache itoe mvuke, ndipo uipake mafuta na kuitia eafraya nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 18. Hapo inakaribia kabisa mihogo ya kukaanga ya barabarani.

Chipsi za pakiti zimeshakaangwa kidogo kiwandani na zina mafuta yake, usiongeze. Gramu 500, nyuzi 190 hadi 200, dakika 15 hadi 20, tikisa mara mbili. Zitoe zikiwa rangi ya dhahabu. Viazi vikienda kahawia iliyokolea hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo mamlaka za chakula zinashauri ipunguzwe. Kwa chipsi mayai, pika chipsi kwenye eafraya, mayai yamalizie kwenye kikaango.

Zilizogandishwa nyumbani

Friza ya nyumbani hugandisha polepole, na barafu inayokua polepole huwa na chembe kubwa zinazoharibu seli zaidi. Hivyo njegere au mishiri uliyoigandisha mwenyewe italegea kuliko ya kiwandani. Mahali pake bora ni mchuzi au kikaango. Ukitaka eafraya, ongeza dakika mbili hadi nne.

Kinachosaidia ni maandalizi. Chovya kwenye maji yanayochemka kwa nguvu: njegere dakika moja na nusu, karoti za vipande dakika mbili, mishiri na brokoli dakika tatu, bamia dakika tatu au nne kulingana na ukubwa. Zitie kwenye maji ya barafu, zikaushe kwa kitambaa, zitandaze kwenye trei ndani ya friza hadi zigande moja moja, kisha ndipo zifungwe mfukoni. Aliye juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kama Nairobi, Mbeya au Kigali, aongeze dakika moja kwa kila kipimo, kwa kuwa maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Vivyo hivyo mvuke wa Nairobi huivisha polepole kuliko wa Mombasa. Eafraya haijali mwinuko huo. Nyuzi 200 ni nyuzi 200 kokote.

Pakiti ya dukani ibonyeze kabla ya kulipa. Vipande vinapaswa kucheza ndani. Ukikuta ni bonge moja gumu, iliwahi kuyeyuka ikagandishwa tena, pengine umeme ulikatika dukani au njiani. Iache.

Na usizile mbichi. Kupitishwa kwenye maji ya moto kiwandani hakuzifanyi kuwa chakula kilicho tayari. Mwaka 2018 mamlaka za Ulaya zilihusisha mlipuko wa bakteria wa listeria katika nchi kadhaa na mahindi matamu yaliyogandishwa, na watu walikufa. Wanaomwaga mahindi ya friza kwenye kachumbari yakiyeyuka tu wanajihatarisha, hasa mjamzito. Mboga ifike nyuzi 74 ndani, njia yoyote uitumiayo. Kwa kikapu kilichojazwa kupita kiasi, vipande vya katikati huenda visifike.

Umeme, na kipi ununue

Eafraya ya wati 1500 kwa dakika 15 haizidi uniti 0.38. Oveni ya wati 2400, pamoja na dakika 15 za kuipasha, inaweza kufika uniti 1.6 kwa dakika 40, ingawa kidhibiti joto hukata umeme mara kwa mara na matumizi halisi ya vyote viwili huwa chini ya hapo. Maikrowevu haivuki sana uniti 0.1. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye LUKU au tokeni yako. Ukipika zamu tatu za eafraya kwa kilo moja, faida yake dhidi ya oveni inapungua sana.

Kama una oveni ya umeme yenye feni na unapikia watu watano au zaidi, eafraya haitakuongezea kitu kikubwa kwa upande wa mboga. Kama mko wawili au watatu na hamna oveni, ya lita 4 hadi 5 inatosha. Kwa wanne, angalia upana wa kikapu kabla ya kuangalia lita: kikapu cha mraba chenye nafasi ya kutandaza ni bora kuliko kirefu chembamba chenye lita zilezile, maana mboga zinataka eneo, si kina.

Ichomeke kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13, peke yake. Ekstensheni nyembamba inayobeba eafraya na birika la umeme kwa pamoja huyeyuka. Na anayeleta mashine kutoka Marekani au Kanada asome kibandiko cha nyuma: nyingi za huko ni za volti 120, na zikichomekwa kwenye volti 230 za Afrika Mashariki huungua papo hapo. Transfoma ya kubeba wati 1500 ni nzito na ghali, hivyo ni nafuu kununua nyingine ukishafika.